Ruta ya Miguu Minane

Kosa langu ni moja tu: siku moja nilichomoa karatasi iliyokwama kwenye printa. Basi. Tangu siku hiyo jengo zima, ghorofa 3 na ofisi 11, linaniita fundi. Mimi ni mtunza stoo, jamani! Kazi yangu kuhesabu maboksi. Lakini intaneti ikisita kidogo utasikia huko koridoni, "Fundi yuko wapi?" Fundi yuko stoo, anahesabu maboksi.

Kikaitishwa kikao cha wapangaji wote. Ajenda: intaneti imekuwa kobe. Na kweli ilikuwa kobe. Unabonyeza kutuma barua pepe, unakwenda kunawa uso, unarudi, kile kiduara bado kinazunguka kama ngamia wa kinu. Ruta yenyewe, kile kifaa kinachogawa intaneti, ni ile ya bure unayopewa siku ya kuunganishwa, ya baba, mama na watoto wawili. Sisi tuko watu 80, kila mmoja na kompyuta na simu, na wapo wenye simu mbili, ya pili wanaijua wenyewe.

Mwenyekiti wetu, mzee wa heshima zake, akakohoa. "Inunuliwe yenye antena nyingi." Akapitisha picha. Antena 8, zimenyanyuka juu kama miguu ya buibui aliyepuliziwa dawa. Ubavuni imeandikwa AC5400.

"Mnaona? Elfu tano mia nne!"

Nikanyanyua mkono. Mzee wangu, nikamwambia, hiyo ni hesabu ya kujumlisha. Kuna megabiti 1,000 kwa sekunde za mawimbi ya gigahezi 2.4, kuna 2,167 za mawimbi ya gigahezi 5, kisha 2,167 nyingine za hayohayo ya 5, halafu wakakuzungushia tarakimu ipendeze. Simu yako inashika wimbi moja tu. Ni kama nijumlishe umri wa wanangu watatu, ipatikane miaka 61, halafu niende kudai kiinua mgongo. Na isitoshe, laini inayoingia humu jengoni ni megabiti 200. Koki uifunge kubwa kuliko pipa, bomba la mtaani ni lilelile.

Mama wa uhasibu akadakia. "Kama ni 200, mbona faili la megabaiti 200 halishuki kwa sekunde moja?" Nikamwambia gawanya kwa 8 mama, biti si baiti, hapo ni 25 kwa sekunde, tena siku ukiwa peke yako. Akaniangalia kama mimi ndiye niliyezila zile 175.

Wakapiga kura. Buibui akashinda.

Alipofika wakamfungia kwenye kabati la chuma pale mapokezi, na kufuli, asiibiwe. Kabati la chuma! Mawimbi ya 5 yana mbio, lakini kwenye ukuta mnene yanachoka. Ya 2.4 yanajikongoja yakapenya, ila huko nako kumejaa kila kitu, mpaka oveni ya mikrowevu inapiga kelele mlemle. Sasa wewe umechukua antena 8 umeziweka kifungoni halafu unategemea mtu wa ghorofa ya tatu apate waifai. Atapata baraka tu.

Watu wa juu hawakungoja. Kila ofisi ikaleta ruta yake. Kwenye mawimbi ya 2.4, njia zisizogongana ni 3: ya 1, ya 6 na ya 11. Wenzangu, bila hata kuulizana, karibu wote wakakaa ya 6. Mwanasheria wa ghorofa ya pili ndiye aliyemaliza kazi. Yake aliitoa nyumbani, akachomeka waya tundu silo, nayo ikaanza kugawa anwani za IP, zile namba za kuitambulisha kila kompyuta mtandaoni, kwa jengo zima. Wagawa namba wakawa wawili kwenye foleni moja. Nusu ya kompyuta zikachukua namba kwa mwanasheria, zikajipanga mbele ya mlango ambao nyuma yake hamna kitu. Nikazunguka ofisi hadi ofisi kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa, naitafuta ruta. Nimeikuta nyuma ya faili za talaka.

Lakini kilichokuwa kikininyima usingizi ni namba 94. Nichomeke kompyuta kwa waya palepale kwa buibui, nipime: megabiti 94. Asubuhi 94. Jioni watu wameondoka, nimebaki na mlinzi tu, 94. Msongamano haufanyi hivyo. Msongamano unapanda na kushuka. Namba ikiganda hapo, jua kuna mahali mtandao umejishusha hadi megabiti 100.

Nikafuata waya unaotoka kwenye kile kisanduku cha laini. Unapita nyuma ya kabati, chini ya zulia, na juu ya zulia kuna mguu wa meza ya mapokezi. Nikaukata, nikachuna ganda. Ndani nyuzi 8, jozi 4: chungwa, kijani, bluu, kahawia, kila moja na mwenzake mweupe mwenye mstari. Ule wa kahawia umekatika kabisa, ncha imesagika kama kijiti cha meno. Sasa gigabiti, yaani megabiti 1,000, inataka jozi zote 4. Ikikosa moja, wale wa pande mbili wananong'onezana, "Basi twende na 100." Wala hawakwambii! Taa inawaka kijani vilevile.

Uzi mmoja. Tumepigiana kura, tumenunua buibui, kumbe meza imekanyaga uzi mmoja.

Basi nikabadilisha waya, na ruta ya mara ya pili nikachagua mimi. Nikatafuta ruta isiyo na antena hata moja, kama kopo la biskuti, yenye matundu ya gigabiti. Muuzaji nikamuuliza kasi yake ukuta wa ulinzi, ule wa kuzuia wavamizi wa mtandaoni, ukiwa umewashwa, maana ile ya kwenye boksi mara nyingi ni ya ukuta umezimwa. Kila ghorofa nikatundika visahani vyeupe vya waifai darini, vinavyopata umeme kupitia waya uleule wa mtandao. Wageni nikawatengea mtandao wao. Nikapima: 196.

Mwenyekiti akaja kukagua. Akalizunguka kopo mara mbili, mikono nyuma.

"Antena ziko wapi?"

"Hazipo, mzee."

"Sasa kasi inatokea wapi?"

Sikubishana. Nilikwenda stoo kwangu, nikamchukua buibui, nikampangusa vumbi, nikamweka juu ya kopo. Hana umeme, hana waya. Mwenyekiti akatabasamu, akafungua simu yake, akaiangalia kidogo.

"Umeona? Imebadilika hapohapo."

Jana mama wa uhasibu kanipigia stoo. Anaomba antena mbili zielekezwe upande wa ofisi yake. Nimezielekeza. Amesema ahsante, sasa inakwenda.