Thelma Ritter: mara sita Oscar, mikono mitupu

Uliza watu kuhusu Hollywood ya miaka ya 1950, watakutajia Marilyn Monroe na Grace Kelly. Mimi namtaja Thelma Ritter, mama wa Brooklyn aliyecheza unesi, upishi na utumishi wa ndani, na kila akitoka kwenye picha naona filamu imepwaya.

Alichelewa kufika. Alizaliwa 1902, akasomea uigizaji, akahangaika na jukwaa, kisha akatulia kulea watoto. Sinema ilimpata 1947 katika Miracle on 34th Street: kipande kifupi cha mama aliyechoka kuzunguka madukani akitafuta zawadi ya Krismasi ya mwanawe. Hata jina hawakumwandika. Alikuwa na miaka 45, umri ambao wanawake wengi wa Hollywood simu zao huacha kuita.

Baada ya hapo, filamu zake za 1950 hadi 1953 zilimpa uteuzi wa Oscar miaka minne mfululizo, zote kama mwigizaji msaidizi. Baadaye zikaongezeka mbili. Hakushinda hata moja.

Ya 1953 ndiyo inayoniuma. Katika Pickup on South Street anacheza Moe, mama muuza tai za shingoni anayewauzia polisi habari za wezi, huku akidunduliza pesa ya kaburi lake asije akazikwa na maskini wasio na mtu. Usiku mmoja anarudi chumbani, miguu imekwisha, anaweka santuri. Muuaji anamsubiri. Hapigi kelele, habembelezi. Anamweleza tu jinsi alivyochoka, kama mtu anayezungumza na kondakta wa basi la mwisho, na siri anayotakiwa kuitoa haitoi. Tuzo ikaenda kwa Donna Reed. Sina ugomvi na Donna Reed, ila mizani ile siielewi mpaka leo.

Na huo usaidizi wenyewe ulipimwaje? Tazama filamu yake nyingine, The Mating Season: mama mkwe anadhaniwa ni mpishi wa kuajiriwa, naye anakubali, anaingia jikoni kwa mkwewe. Hadithi yote inazunguka kwake. Lakini Gene Tierney ndiye mwenye sura ya bango, basi Ritter akawa msaidizi. Nadhani waliangalia aproni kuliko uigizaji.

Kinachochekesha ni kwamba mwaka 1955 Oscar haohao walimpa kazi ya kuongoza sherehe upande wa New York, mchekeshaji Bob Hope akiwa Hollywood. Kuwafurahisha wageni aliaminiwa.

Broadway, kwenye kumbi za maigizo za New York, waliona tofauti. Mwaka 1958, kwa mchezo wa muziki New Girl in Town, alipewa Tony, tuzo kubwa ya jukwaa, akiwa sare na mwenzake wa jukwaa hilohilo, Gwen Verdon. Ilikuwa tuzo ya mwigizaji mkuu wa kike.