Kaunti 14, tiketi moja

Michezo ya muhula wa pili ikikaribia, hesabu moja hurudi midomoni mwa mashabiki wa soka ya shule za upili nchini Kenya. Bonde la Ufa lina kaunti 14 na hutoa bingwa mmoja wa kwenda fainali za kitaifa. Nairobi ni kaunti moja, nayo hutoa mmoja. Kaskazini Mashariki, yenye Garissa, Wajir na Mandera pekee, tiketi yake ni ile ile. Mikoa ilizikwa na katiba ya 2010, lakini michezo ya shule bado inaishi ndani yake: kanda nane, mabingwa wanane.

Wanaolalamika kwamba mgao huu si wa haki wana hoja. Kakamega School na Musingu, shule za kanda ya Magharibi, ziko kaunti moja. Mwaka ambao zote mbili ziko moto, moja lazima ibaki nyumbani, hata kama ingeweza kumlaza bingwa wa kanda nyingine yoyote. Sasa shika barabara ya Webuye hadi Kitale, utawakuta St. Anthony's, wapinzani wao wa tangu zamani. Kwa kuwa Trans Nzoia iliangukia upande wa Bonde la Ufa, hao hawakutani na Kakamega mpaka fainali za kitaifa. Mstari uliochorwa kwa ajili ya utawala ndio unaoamua nani abanduliwe mapema na nani apenye. Na mwanafunzi wa kidato cha nne hana msimu mwingine wa kusubiri.

Lakini hiyo 14 kwa moja inanikera, kwa sababu inasemwa kana kwamba kaunti ndizo zinazopiga mpira. Hesabu watu. Sensa ya 2019 ilipata watu milioni 12.7 hivi Bonde la Ufa na milioni 4.4 Nairobi. Pengo la 14 kwa moja limeshuka hadi tatu kwa moja. Kaskazini Mashariki, kwa karibu milioni 2.5, kweli inazidiwa mara tano, hilo silifichi. Sasa tazama Magharibi, ambako kilio huwa kikubwa zaidi: milioni 5 hivi. Kwa vichwa, Magharibi haiidai Nairobi kitu cha maana. Ina tiketi inayoitosha.

Kumbe kuna madai mawili yaliyovishwa jezi moja. Anayedai haki ya idadi anatetea Bonde la Ufa, na Magharibi haitapata chochote kwa hoja yake. Anayedai haki ya ubora anataka timu bora zaidi ziende hata zikitoka kijiji kimoja, na huyo hana haja na kaunti 14. Watu huanza na hoja ya kwanza kisha wakamalizia na ya pili, nasi tunatikisa vichwa tukidhani tumesikia jambo moja.

Tuuchukue huo ubora basi. Katika mgao wa serikali wa Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari, uliotangazwa kuanzia 2018, Sh1,500 zilitengewa michezo na shughuli nyingine za nje ya darasa. Fedha zikifika kamili (na mwalimu mkuu yeyote atakwambia habari ya hiyo "zikifika"), shule ya wanafunzi 2,000 ina Sh3 milioni. Shule ya wanafunzi 150 kule Wajir ina Sh225,000, na kwa hizo italipia basi, mipira, jezi na chakula cha vijana. Hapo hatujagusa vipaji vinavyochukuliwa kutoka kanda nyingine na kupewa nafasi za masomo katika shule zenye majina. Sehemu ya nguvu ya kanda zenye nguvu imezaliwa kwingine. Tukianza kugawa tiketi kwa ubora, tutakuwa tunamlipa mara ya pili aliyekwisha kulipwa.

Niliwahi kusimama kando ya uwanja timu ya kanda moja ya ukame ikicheza, imeshachapwa manne. Kocha aliita badiliko. Kijana anayetoka aliketi pale pale mstarini, akavua daluga, na mwenzake akazitia miguuni zikiwa bado na joto, huku refa akitazama saa. Waliokuwa nyuma yangu walicheka. "Hawa wamekuja kufanya nini?" Swali halali, ila lingeulizwa vizuri zaidi na mtu aliyewahi kusafiri kutoka Mandera hadi Garissa, zaidi ya kilomita 600, ili kucheza raundi ya kanda tu. Ondoa ile tiketi moja, na uniambie mwalimu mkuu wa huko atanunua mpira wa kazi gani.

Wajapani wana mzozo kama huu katika besiboli ya shule. Mashindano ya kiangazi ya Koshien huchukua timu 49: moja kwa kila mkoa, isipokuwa Tokyo na Hokkaido zenye mbili mbili. Tottori yenye shule chache hupeleka moja, na Kanagawa yenye shule nyingi mno hupeleka moja. Mwaka wa 2018, katika makala ya 100, mikoa mikubwa iliongezwa nafasi na timu zikawa 56, bila mkoa mdogo kunyang'anywa yake. Kisha wakarudi 49. Nasi tukipata pesa, na tuongeze viti kwa namna hiyo, washindi wa pili wa kanda kubwa waingie. Nani atakataa?

Mimi ningeanzia kwingine, kwenye mechi za ngazi ya kaunti ndogo, chini ya kaunti yenyewe, ambako hakuna anayepiga kelele. Huko michezo husongwa katika siku mbili tatu, na mara nyingi ni mtoano tangu mechi ya kwanza. Shule ya kutwa inafungwa kwa penalti Alhamisi asubuhi, iwe Turkana au Kakamega. Vijana wanapanda lori kabla ya chakula cha mchana, na mwalimu wa michezo anafungia mpira stoo hadi mwaka ujao.