Ngiri ya pande zote mbili: mara moja au mara mbili?

Mwenye ngiri ya kinena, yaani utumbo unaosukuma nje kupitia tundu kwenye sehemu dhaifu ya kinena, akiwa nayo kulia na kushoto mara nyingi huambiwa: tukupasue upande mmoja, ukipona urudi kwa wa pili. Ushauri huo una asili yake. Katika upasuaji wa kushona misuli, ulioanzishwa na daktari Bassini huko Italia miaka ya 1880, nyama huvutwa kwa nguvu mpaka zikutane. Kuvuta pande mbili siku moja kulileta maumivu makali, na nyuzi ziliweza kuachia. Wavu wa daktari Lichtenstein umebadili hilo: unatandazwa juu ya sehemu dhaifu, hakuna kinachovutwa.

Wanaosita kupasua pande zote siku moja bado wana hoja. Mkojo unaweza kugoma usiku wa kwanza, korodani zote zikavimba, na kwa kijana ambaye hajazaa, mishipa ya mbegu za kiume ya pande zote inaguswa siku moja. Kuna pia kipimo cha ganzi. Mtu wa kilo 60 hapaswi kuzidisha miligramu 420 za lignokeni, dawa ya ganzi ya kuchoma sehemu inayopasuliwa, yenye adrenalini, na pande mbili zinaweza kuimaliza. Lakini ganzi ya mgongo ni sindano moja, inafika kote.

Linalonisumbua ni ile "urudi". Kwa mpakia mizigo, kurudi ni nauli tena, vipimo tena, ndugu wa kumuuguza tena, na wiki nyingine bila kubeba gunia wala kulipwa. Akishapata nafuu upande mmoja, anapanda lori. Tundu la pili linaendelea kupanuka, hadi siku utumbo unanasa na hautaki kurudi ndani. Hapo ni dharura. Ukichelewa kutibiwa, utumbo unaoza, unakatwa.

Mwongozo wa kimataifa wa ngiri wa 2018 unapendekeza upasuaji wa matundu madogo na kamera kwa ngiri za pande mbili, penye vifaa na mtaalamu. Hospitali nyingi za wilaya hazina, ila ganzi ya mgongo na wavu zinatosha. Gharama ya wavu nayo si kisingizio: utafiti wa Uganda uliochapishwa 2016, kwa wanaume 302 wenye ngiri ya upande mmoja, ulionyesha wavu wa kitambaa cha chandarua ukifanya kazi karibu sawa na ule wa kiwandani kwa mwaka mzima.

Mzee mwenye moyo dhaifu, au mwenye ngiri kubwa zilizoshuka hadi kwenye korodani pande zote, apasuliwe kwa awamu mbili. Wengine wapimwe vinena vyote wakiwa wamesimama na kukohoa, na waulizwe kabla ya kusaini fomu kama wanataka yaishe siku moja.