Maiki ilikuwa kolani

Jamani, kwa kuwa yule mwenzangu wa ofisini ameshaniweka status tangu asubuhi, na nyie mmeshacheka mkamaliza, naomba na mimi nisikilizwe. Kwanza kabisa, sikulia. Lile lilikuwa jasho.

Kiofisi chetu cha Kijitonyama mnakijua: watu watano, feni moja, na mtambo wa akili mnemba unaosikiliza Kiswahili na kukiandika. Jana walikuja wageni wenye hela. Sasa, mtambo wenyewe tumeufunza kwa sauti za Common Voice, ule mradi wa Mozilla ambao watu wanajitolea kusoma sentensi, kwa hiyo ukiuongelesha kama mtangazaji wa taarifa ya habari mnaelewana vizuri tu. Mwaga Kiswahili cha Manzese uone. Halafu una ugonjwa wa kumeza "ha" ya mwanzo. Mtu anasema "hatutamlipa", ukutani inatokea "tutamlipa". Ndiyo hivyo, umeshaahidi. Asubuhi nzima mbele ya wageni ulikuwa unazimeza tu, bosi anatabasamu kwa meno ya mbele.

Simu yangu ikaita. Mama ntilie. Mwenye deni haachi simu ya mama ntilie iite mpaka ikatike, wenye madeni wenzangu mnanielewa. Nikatoka kibarazani. Maiki ipo kolani.

Huku ndani, kwenye ukuta mzima, herufi ndogo, bila nukta:

haloo mama shikamoo

nakuja mama usinifute kwenye daftari

bosi anasema hatutalipwa mpaka hawa wageni watoe hela

"Ha" imo! Siku hiyo ndiyo ikaamua kuisikia!

Nimeambiwa bosi alijitetea vizuri: "Samahani, mitambo hii kukiwa kimya huwa inajitungia maneno." Na tabia hiyo kweli inayo, waulizeni mafundi. Wageni wakaanza kukubali kwa vichwa. Ukuta ukaendelea:

halafu mmoja amelala tangu saa nne

Hapo ndipo nilipogeuka. Kati yangu na wao ni kioo tu. Naona ukutani pameandikwa *maharage ya nazi mama uniwekee mengi*. Wallahi wazo langu la kwanza lilikuwa: kumbe kuna mwingine anayapenda kama mimi.

Nikasema, "Eh."

Ukutani: eh

"Mungu wangu."

mungu wangu

Nikaziba mdomo. Kiganja kikasugua maiki, ukuta ukaandika *ashashasha*. Nikanong'ona kwa wenzangu, "Zimeni."

zimeni

Hakuna aliyezima. Vichwa vyote vikanigeukia, na yule aliyekuwa amelala sasa yuko macho, amevaa miwani, anasoma tangu mwanzo.

Basi nikarudi, nikakaa, wakamaliza, wakaaga. Habari ya hela watajibu. Aliyelala ameomba namba ya mama ntilie.

Ila fundi wetu wa sauti hana haya. Amelinganisha ile rekodi na maandishi, akaruka: mazungumzo ya mtaani, upepo, bodaboda zinapita chini, na ukiacha *ashashasha* hakuna neno lililokosewa. Ameiingiza kwenye seti ya majaribio. Yaani kila toleo jipya litapimwa kwa sauti yangu nikiomba maharage.

Na wewe unayenitumia picha za maharage tangu jana usiku, nimekuona.