Baada ya shambulio, serikali nayo ihojiwe

Naishi Oslo, lakini Kenya ndiko kwetu, na kila shambulio linapotokea nyumbani najiuliza kwa nini anayehojiwa ni raia tu.

Tarehe 22 Julai 2011 Mnorwei mmoja alilipua bomu kwenye majengo ya serikali hapa, kisha akavuka hadi kisiwa cha Utøya akawamiminia risasi vijana waliokuwa kambini. Walikufa watu 77. Saa za kwanza, kabla hajajulikana, kuna Waislamu waliotukanwa na kusumbuliwa barabarani, hilo halisameheki. Ila alipojulikana, alishtakiwa yeye, si watu wa mtaa wake. Mahakamani ilisomwa ripoti ya kila marehemu, picha yake ikaonyeshwa, na maneno machache kumhusu yakasikika. Agosti 2012, siku chache kabla ya hukumu, tume huru ikasema waziwazi kwamba polisi wangeweza kumzuia mapema. Mkuu wa polisi akajiuzulu.

Kwetu, Westgate, jengo la maduka jijini Nairobi, ilivamiwa na al-Shabaab, kundi la kigaidi la Somalia, Septemba 2013, wakauawa watu 67. Rais akaahidi tume ya uchunguzi. Haikuundwa. Kilichokuja ni msako ulioitwa Usalama Watch, Aprili 2014: polisi wakagonga milango usiku Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, wakazoa maelfu, wengi wao Wasomali, wakawafungia uwanja wa Kasarani. Mtu ana kitambulisho cha Kenya mkononi na bado anabebwa. Wengine waliachiliwa baada ya kutoa pesa. Na hii ni nchi ambayo Katiba yake, kifungu cha 49, inataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24!

Aprili 2015 wakauawa watu 148 Chuo Kikuu cha Garissa. Mmoja wa washambuliaji alikuwa mwana wa chifu kutoka Mandera, na babake alikuwa ameshaiarifu serikali kwamba kijana ametoweka. Tafakari hilo. Mzazi Msomali alikwenda mwenyewe kwa serikali, wakati jamii yake inasombwa kwa malori. Nani atathubutu tena kupiga ripoti?

Korti zetu sizilaumu. Februari 2015 Mahakama Kuu ilifuta vifungu vinane vya sheria mpya ya usalama, na kesi ya Garissa ilisikilizwa hadi watu watatu wakafungwa mwaka 2019. Deni liko kwa serikali. Tume ya Westgate iundwe hata sasa, iketi hadharani, na ya Garissa ifuate, ili wazazi waliokesha uwanja wa Nyayo, Nairobi, wakingoja habari za watoto wao waambiwe kwa nini msaada ulichelewa.