Kwetu Mlimani Tunahitaji Hoteli Inayowahi Kuamka

Jumapili iliyopita tulikutana tena, sisi watu wa mlimani tunaoishi Dar es Salaam, chini ya mwarobaini nyumbani kwa mwenyekiti wetu Tabata. Ajenda ilikuwa moja. Mfuko wetu umefikia kiasi cha kuanzisha biashara nyumbani, na wengi wanataka mgahawa. Hapo sina ubishi. Ubishi ulianza kaka mmoja alipotoa simu na kutuonyesha picha: vibanda vya makuti, viti virefu, taa za rangi, chipsi kuku na baga, na ukumbi ulio wazi pande zote ili mgeni alitazame bonde huku anakula. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga, na kwa kuwa kikao kilifungwa kabla sijapewa nafasi, naandika hapa nilichotaka kusema.

Kijiji chetu kiko Usambara, juu ya Lushoto mjini. Kwa asiyepafahamu: ukitoka Dar unapita Chalinze, Segera na Korogwe, ukifika Mombo unaiacha barabara kuu ya Moshi na kuanza kupanda, kona juu ya kona, unapita Soni, kilomita kama 33 mpaka Lushoto. Hapo uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko juu zaidi. Barabara yetu kiangazi ni vumbi, masika ni utelezi. Tunalima kabichi, karoti, viazi mviringo, njegere na maharage, na mwaka ukigeuka plamsi zinaiva mpaka zinadondoka zenyewe.

Nenda soko la Ilala kabla ya adhana ya alfajiri utatuona. Sehemu kubwa ya zile karoti zinazomwagwa juu ya turubai chini ya taa imetoka milima ile. Ili ziwe pale saa ile, ziling'olewa jana yake asubuhi, zikaoshwa kijitoni mchana, zikafungwa kwenye viroba jioni, zikapakiwa kwenye Fuso giza likiingia. Katika kila hatua kuna watu, na watu hao wana njaa. Wanakula nini? Andazi la jana na chai ya rangi, kama duka halijafungwa. Wapakiaji wengi wanamaliza kazi usiku wakiwa na soda tupu tumboni. Kijiji kinachoilisha Kariakoo hakina mahali pa mtu kununua sahani ya mboga aliyoilima mwenyewe.

Nilipokuwa darasa la tano, siku za gulio nilikuwa naondoka na mama saa kumi alfajiri, kila mmoja na mzigo wake wa kabichi kichwani. Julai kwetu ni baridi kweli. Ukungu unashuka mpaka aliye mbele yako unamjua kwa sauti ya miguu tu, na vidole vinakufa ganzi. Pale njiapanda alikuwepo bibi mmoja na ndoo ya uji wa mahindi wenye maziwa, ameizungushia blanketi isipoe. Tulinunua kikombe kimoja, tukanywa wawili. Sijawahi kula kitu hapa Dar, si biriani ya harusi wala pweza wa Feri, kilichoniingia mwilini kama uji ule. Bibi yule alishatangulia mbele za haki, na njiapanda ile hakuna aliyeshika nafasi yake mpaka leo.

Basi hoteli ninayoitaka ni ile. Ndoo ya bibi, iliyojengewa kuta.

Na kuta nazisema kwa kukusudia. Makuti ni ya pwani, kwa watu wanaoutafuta upepo. Kwetu upepo ndiyo tunaoukimbia. Jengo la wazi pande zote, mwezi wa Juni mpaka wa Agosti, litakaa tupu kuanzia saa kumi na moja jioni, na mgeni mwenyewe atachukua chakula chake akalie kwenye gari. Tujenge kwa tofali, madirisha ya vioo upande wa bonde, jiko karibu na meza ili joto lake lifike kwa walaji. Mtu aliyetoka kuosha karoti kwenye maji ya baridi akute maji ya uvuguvugu ya kunawa. Hiyo peke yake itamrudisha kesho.

Chakula kiwe cha pale pale. Asubuhi uji, viazi vitamu vya kuchemsha, chai ya maziwa kwa majani yanayolimwa Bumbuli. Mchana makande na parachichi pembeni, ugali na mnavu, maharage yaliyoungwa na karoti na hoho, na nyama siku ya gulio. Usiku supu ya moto na chapati kwa wapakiaji na madereva. Msimu wa plamsi na peasi, juisi. Zile plamsi ambazo mnunuzi wa Dar anazikataa kwa kuwa zimechubuka, tunazitupa kwa ndoo. Hoteli ndiyo mnunuzi wake wa kwanza. Vivyo hivyo karoti zilizopinda na kabichi zilizopasuka, na mzigo wote unaokwama barabara inapokatika kwa mvua.

Chipsi siipingi kwa kuidharau. Naila hapa Tabata kama kila mtu. Lakini piga hesabu: viazi vyetu, sawa, ila mafuta yanapanda kutoka chini, kuku wa kisasa anapanda kutoka chini, tena akiwa ameganda. Kila sahani itakayouzwa, sehemu kubwa ya hela yake inateremka Mombo kabla mgeni hajanawa mikono. Sahani ya makande hela yake inalala kijijini.

Kuna jambo la ufundi ambalo kikao hakikuligusa kabisa. Kila ukipanda kama mita 300, maji huchemka kwa joto pungufu kwa takriban nyuzi 1. Kwetu yanachemka kwenye nyuzi 95 au chini yake, ndiyo maana makande ya nyumbani yanakaa motoni nusu siku na mzigo wa kuni unaisha. Hoteli inayopika maharage kila siku kwa kuni italivua miti kilima chetu chote. Kwa hiyo hela ambayo ingeenda kwenye taa za rangi iende kwenye majiko ya gesi na masufuria makubwa ya presha, na mahindi na maharage yalowekwe tangu usiku. Serikali yenyewe ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikitaka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Tusianzishe biashara mpya kwa njia ambayo nchi inaiacha.

Wenzangu wanasema wageni ndio wenye hela. Ni kweli wanapita, wale wanaotembea kutoka Lushoto kwenda Mtae kwa miguu, na siku hizi hata vijana wa Dar wanaopandisha wikendi kukimbia joto. Waje, wakaribishwe. Ila wanakuja msimu wa kiangazi, masika hawaonekani, na mpishi anataka mshahara Aprili kama anavyoutaka Agosti. Mpakiaji yupo mwaka mzima. Tena Julai iliyopita nilipanda na rafiki zangu wawili wa hapa mjini, na walichoniomba ni chakula cha kwetu. Tulizunguka. Kote tuliambiwa chipsi. Mwishowe shangazi ndiye aliyetupikia mnavu, na mpaka leo wanausimulia.

Ombi langu jingine lilileta minong'ono nilipoligusia kwa jirani yangu kwenye benchi: pasiuzwe pombe. Pombe ina mahali pake pengi kule, tena pana wateja. Kinachokosekana ni mahali ambapo mama aliyemaliza gulio anaweza kukaa peke yake na mzigo wake, akala, akahesabu hela zake asisumbuliwe na mtu. Mzee wa msikitini aingie, mchungaji aingie, mtoto wa shule atumwe pale bila nyumbani kuwa na wasiwasi. Ramadhani ikifika, futari ipikwe pale.

Wazee wetu wanasimulia kwamba Mbegha alikuja kutoka Nguu akiwa mwindaji tu, hana ukoo huku. Aliwaua nguruwe waliokuwa wanamaliza mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa chakula cha shambani, na mwisho wakampa ufalme pale Vuga. Nimeisikia hadithi hiyo tangu utotoni, na kila nikiikumbuka naona kwamba ufalme wa Wasambaa ulianza kwa mtu aliyewatazama wenyeji, akaona wamepungukiwa nini mezani. Picha za kwenye simu ya kaka yetu zinamtazama mpita njia.

Mpango wangu ni mdogo. Pale njiapanda kuna nyumba ya tofali imefungwa tangu mwenyewe ahamie Tanga, na wanawe wako tayari kuipangisha. Vyumba viwili, mitungi ya gesi, meza sita, akina mama wanne wa pale pale walipwe kwa mwezi, mlango ufunguliwe saa kumi alfajiri na ufungwe lori la mwisho likishateremka. Tuanze hivyo mwaka mmoja. Dirisha la bonde tutaliweka tukishaona hesabu.

Juzi nilimpigia shangazi kumweleza. Alinyamaza kidogo, nikasikia kuku nyuma yake, kisha akauliza: "Na huo uji, mwanangu, mtatuuzia bei gani?" Nimemwambia jibu nitampa baada ya kikao cha Jumapili.