Mzazi wa ukubwani yupo, ila lazima akutume

Mtu mwenye ndevu zake na mkopo wa benki akisema anatamani mama wa kumpigia jioni, watu wanacheka. Hata sheria haimfikirii, Sheria ya Mtoto ya 2009 inaongelea kuasili mtoto na mtoto ni wa chini ya miaka 18, ukishavuka hapo jitafutie mwenyewe.

Na hapa Dodoma tupo wengi kwelikweli. Tangu serikali ianze kuhamia huku 2016 mji umejaa watu waliokuja na begi na barua ya uhamisho, ndugu wako Mwanza, wako Mbeya, wengine wazazi walishatangulia mbele za haki, basi mtu anaishi mtaa wa Kisasa nyumba nzuri tu ila akiumwa wa kwanza kujua ni bodaboda wake.

Mzazi wangu wa ukubwani nilimpata mtaa wa Nkuhungu, mama mwenye nyumba, Mgogo, mjane. Hatukuwahi kukaa tukaambiana kuanzia leo wewe ni mwanangu, ilianza na kutumwa tu. Napita zangu nasikia "we baba, hebu nishushie huo mlenda," maana anaanika majani juu ya bati na mgongo haumruhusu kupanda ngazi, mara mtungi wa gesi umeisha, baadae akaanza kuingia jikoni kwangu kufunua masufuria, akikuta wali umelala anasonya anamwaga, kidogo ugali wa uwele huo unaletwa umefunikwa sahani.

Ndo maana mimi nampima mzazi kwa kutuma na kugombeza. Anayekusifia muda wote huyo ni rafiki. Na wale baba wa kiroho ambao kila ushauri unakuja na namba ya kutumia sadaka, hapana jamani.

Kuna vijana wanakodi wazee wa kupeleka posa, wanawapa nauli na soda, shughuli inaisha vizuri tu, ila ndoa ikianza kuyumba unampigia nani, yule mzee hata ubini wako hakumbuki!

Kitu wengi wanasahau ni watoto wa kuzaliwa wa huyo mzazi. Binti mkubwa wa mama yangu wa Nkuhungu yuko Dar, mwanzoni alikuwa ananiangalia kama nimefuata kiwanja, na sikumlaumu. Jitambulishe mapema, mambo ya mirathi kaa nayo mbali, mchango ukipita toa. Sa hivi tunaongea vizuri, dawa za presha za mama tunapokezana kununua, mwezi huu zamu yangu.